Huna bima Marekani na umeumia kidogo: emajensi, kliniki ya haraka, kituo cha jamii au kliniki ya duka la dawa?

Jumapili moja jioni nilikuwa napasua nazi, kisu kikateleza, kikanichana kidole gumba mpaka nikaona weupe chini ya damu. Nilikuwa na miezi saba tu hapa Ohio. Kazi nilikuwa nayo, bima sikuwa nayo, na mlango niliokuwa naujua ni mmoja tu, ule wa emajensi wenye maandishi mekundu. Nikaenda. Nilikaa kwenye kiti zaidi ya saa tatu, nikapigwa picha, nikachomwa sindano ya pepopunda, nikashonwa nyuzi tatu. Watu wote walikuwa wapole. Hakuna aliyetaja hela.

Wiki tatu baadaye bahasha zikaanza kuingia. Ya kwanza ilikuwa ya hospitali, dola 1,386. Ya pili ya daktari, ambaye kumbe si mwajiriwa wa hospitali ile, dola 524. Ya tatu ya mtaalamu aliyeisoma picha ya kidole changu akiwa sehemu nyingine kabisa, dola 61. Kidole chenyewe kilikuwa kimeshapona.

Nyumbani tumezoea kuanzia dirishani. Unafungua kadi, unaambiwa bei, unalipa, ndipo unamwona daktari. Bei ikikushinda unarudi kujipanga. Huku unatibiwa kwanza, bei inakufuata kwa posta, na sehemu kubwa ya bei hiyo inategemea umeingilia mlango gani. Nyuzi tatu zilezile zina bei moja hapa na bei nyingine kabisa mtaa wa pili. Ndiyo maana nalinganisha milango minne iliyo wazi kwa mtu asiye na bima mwenye tatizo dogo. Wenye shida hii wataongezeka, kwa sababu sheria iliyosainiwa Julai 2025 inawatoa kwenye Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, wakimbizi wengi ambao bado hawajapata grini kadi, kuanzia Oktoba 1, 2026.

Kwanza, yasiyo madogo

Maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, mdomo kupinda au upande mmoja wa mwili kulegea, damu isiyokoma hata ukiikandamiza, kuzimia baada ya kugonga kichwa, mjamzito anayetoka damu, mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi: hapo usilinganishe chochote. Piga 911 au nenda emajensi. Deni linajadilika baadaye.

Nitakavyolinganisha

Kila mlango nitauuliza mambo matano yaleyale. Je, bei inajulikana kabla hujaguswa? Wanaweza kutibu nini? Utasubiri kiasi gani, na saa ngapi wako wazi? Bahasha ngapi zitafuata? Na ukishindwa kulipa, kuna pa kushika?

Lugha sikuiweka kwenye orodha. Hospitali na vituo vinavyopokea fedha za serikali kuu vinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, hata kama ni wa kwenye simu, na haki hiyo ina mizizi katika Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Sema tu "Swahili interpreter" pale mapokezi. Usimtumie mwanao wa miaka kumi na mbili kutafsiri. Mimi sasa nafanya kazi ya ukalimani, na nimeona watoto wanavyoficha neno baya ili mama asiogope.

1. Emajensi ya hospitali

Bei kabla. Haijulikani. Tangu Januari 1, 2021 hospitali zinatakiwa kuweka bei zao mtandaoni, lakini mgonjwa wa emajensi hajui atafanyiwa nini, kwa hiyo orodha ile haimsaidii sana. Kinachouma zaidi ni ada ya jengo, yaani malipo ya kuutumia mlango wenyewe. Ada hiyo ina ngazi tano kulingana na uzito wa tatizo, na hata ngazi ya chini si hela ndogo.

Wanachoweza. Karibu kila kitu, saa 24, siku zote. Hakuna mlango mwingine kati ya hii minne unaoweza kusema hivyo.

Muda. Anayezidiwa hutangulia, na ni haki. Mwenye kidole hukaa.

Bahasha. Mbili, mara nyingi tatu, kila moja na namba yake ya simu. Ukija kwa ambulansi, ongeza nyingine.

Ukikwama. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wetu wanapopoteza haki bila kujua.

Kuna sheria ya mwaka 1986 inayoitwa EMTALA. Inailazimisha hospitali yenye emajensi inayopokea malipo ya Medicare, bima ya serikali ya wazee, kumpima kila anayefika na kumtuliza hali yake, awe na hela au asiwe nazo, awe na makaratasi au asiwe nayo. Wengi wetu tumeisikia nusu. Tunaambiana kanisani na msikitini kwamba emajensi lazima wakutibu, tukadhani maana yake ni bure. Sheria inazuia kufukuzwa. Haizuii bili.

Kinachoweza kuipunguza bili ni kitu kingine. Zaidi ya nusu ya hospitali za jamii Marekani zimesajiliwa kama zisizo za faida, na kwa kusamehewa kodi zinatakiwa kuwa na utaratibu wa maandishi wa kuwasaidia wenye kipato kidogo. Nyumbani tungeuita msamaha wa matibabu, ule unaopita kwa afisa ustawi wa jamii. Huku hakuna anayekufuata wodini kukuuliza. Wewe ndiye unaomba fomu, na jina lake la kusema ni "financial assistance application". Una siku 240 kuipeleka, zikihesabiwa tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Katika siku 120 za mwanzo hospitali hairuhusiwi kukushtaki wala kulipeleka jina lako kwenye kampuni za rekodi za mikopo. Ukikubaliwa, huwezi kutozwa zaidi ya kiwango ambacho kwa kawaida hulipiwa wenye bima.

Majimbo mengine yanaongeza juu ya hapo. Ohio, mkaazi ambaye kipato chake kiko kwenye mstari wa umaskini wa serikali kuu au chini yake hupata huduma muhimu za hospitali bila malipo kupitia mpango uitwao HCAP. Kwa mwaka 2025 mstari huo ulikuwa dola 15,650 kwa mtu mmoja na dola 32,150 kwa familia ya watu wanne.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo kutoka Uvira, alikuwa ameziweka bahasha zake zote kwenye mfuko wa mchele, hajafungua hata moja. "Mwanangu, nikizifungua nitalala?" aliniuliza. Tulizimwaga mezani. Nyuma ya bili ya kwanza kabisa, kwa herufi ndogo, msaada ulikuwa umeelezwa. Tukahesabu siku kwa kalenda ya simu, ikaja 203. Fomu tuliijaza usiku uleule, tukaambatisha hati zake tatu za mshahara na barua ya wanaokaa naye nyumbani.

Upungufu wake ni huu: fomu ya hospitali haiwafungi lazima madaktari wasioajiriwa na hospitali. Utaratibu wa hospitali unatakiwa kuonyesha ni watoa huduma gani wanahusika na nani hawahusiki, kwa hiyo uliza orodha hiyo. Mimi hospitali ilinifutia yote 1,386. Kampuni ya daktari haikufuta hata senti, ikanikubalia tu dola 50 kwa mwezi, na nilimaliza baada ya miezi kumi na moja.

Inamfaa nani? Mwenye hali ya hatari, na asiye na mlango mwingine ulio wazi usiku huo.

2. Kliniki ya haraka

Hizi ni zile zenye bango la "Urgent Care", nyingi ziko kwenye safu za maduka, karibu na mgahawa au duka la simu.

Bei kabla. Inajulikana, ukiuliza vizuri. Nyingi zina bei maalumu ya anayelipa mwenyewe, mara nyingi mia na kitu hadi mia mbili na kitu za dola. Ila hiyo ni ya kumwona mhudumu. Kushona, picha na sindano ya pepopunda kila kimoja kina bei yake. Usiulize tu "ni bei gani?" Uliza hivi: "Sina bima. Nikishonwa na kuchomwa sindano, jumla itakuwa ngapi, na kuna bili nyingine itakayokuja nyumbani?" Mwambie mhudumu akuandikie.

Wanachoweza. Kushona jeraha la kawaida, kupiga picha ya mfupa, kutibu sikio, koo, njia ya mkojo, kifundo kilichoteguka, kuungua kidogo. Wakiona limewazidi watakupeleka emajensi, na hapo utalipa kote kuwili.

Muda. Wengi hufungua asubuhi mpaka jioni, wikiendi pia. Kusubiri ni kufupi kuliko emajensi.

Bahasha. Aghalabu hakuna, au moja, lakini tazama bango kabla hujashuka kwenye gari. Texas na Colorado kwa mfano kuna emajensi zinazojitegemea, zimekaa kwenye safu ya maduka vilevile, zina taa na viti vilevile, na bei ni za emajensi. Neno la kutafuta kwenye bango ni "Emergency" au "ER". Ukiliona, hiyo si kliniki ya haraka. Na kliniki yenye jina la hospitali kubwa juu yake inaweza kutoza ada ya jengo kama tawi la hospitali. Uliza "facility fee" kwa jina hilohilo.

Ukikwama. Hapa pana udhaifu. Nyingi ni biashara, hazibanwi na EMTALA, zinaweza kukataa kukuona bila malipo, na msamaha ni nadra. Unacholindwa nacho ni ile bei uliyoandikiwa kabla.

Inamfaa mwenye jeraha au maumivu yasiyosubiri kesho, mwenye akiba kidogo mkononi, na ambaye kipato chake kinapita viwango vya msamaha.

3. Kituo cha afya cha jamii

Ndugu zangu wengi hawakijui hiki, na inanisikitisha. Ni vituo, kwa Kiingereza "community health centers", vinavyopata ruzuku ya serikali kuu kwa sharti kwamba visimkatae mtu kwa sababu hana uwezo wa kulipa. Kuna zaidi ya taasisi 1,300 za namna hii nchi nzima, zenye maelfu ya matawi mijini na vijijini. Cha kufurahisha, mizizi yake iko Afrika. Daktari Jack Geiger, aliyeasisi vya mwanzo Boston na Mississippi miaka ya 1960, alikuwa amejifunza mfumo huo akiwa mwanafunzi huko Pholela, Afrika Kusini, mahali ambapo Sidney na Emily Kark walianzisha kituo cha afya mwaka 1940.

Bei kabla. Inajulikana, na inapanda au kushuka kwa kipato chako na ukubwa wa familia. Aliye kwenye mstari wa umaskini au chini yake halipi kitu, au analipa ada ndogo ya jina tu. Aliye kati ya mstari huo na mara mbili yake anapata punguzo la ngazi kwa ngazi. Kwa mfano, familia ya wanne yenye dola 50,000 kwa mwaka ilikuwa ndani ya punguzo mwaka 2025, maana mara mbili ya mstari ni dola 64,300. Anayezidi hapo hulipa bei kamili.

Wanachoweza. Kikohozi, presha, kisukari, mimba, chanjo, vidonda, mkojo, watoto. Vingi vina daktari wa meno na ushauri wa afya ya akili. Dawa pia huwa nafuu, kwa sababu vinanunua kwa punguzo la mpango wa 340B ulioanza 1992. Kushona au kupiga picha, inategemea tawi. Piga simu kwanza.

Muda. Hapa ndipo vinapopungua. Mgeni anaweza kupangiwa siku za mbele, na Jumapili jioni mlango umefungwa. Hata hivyo vinatakiwa kuwa na namba ya kupiga baada ya saa za kazi ili upate ushauri. Mgonjwa ambaye tayari ana faili huingizwa haraka kuliko mgeni, kwa hiyo fungua faili ukiwa mzima.

Bahasha. Kwa kawaida moja. Angalia vipimo vinavyopelekwa maabara ya nje. Omba maabara nayo itumie punguzo lako, la sivyo bili yake itakuja peke yake.

Ukikwama. Kati ya yote manne, hapa ndipo ukali ni mdogo zaidi. Leta hati za mshahara au barua ya mwajiri. Anayelipwa mkononi aseme hivyohivyo, nao wana namna ya kuandika.

Inamfaa mwenye kipato kidogo, mwenye ugonjwa wa kudumu, mwenye watoto, na yeyote ambaye tatizo lake linaweza kungoja siku mbili tatu.

4. Kliniki ndani ya duka la dawa

Bei kabla. Imeandikwa. MinuteClinic, kliniki za maduka ya dawa ya CVS, kwa mfano, zina orodha ya bei kwa kila huduma, unaisoma ukiwa nyumbani. Kati ya milango yote, huu ndio unaofanana na dirisha letu la nyumbani.

Wanachoweza. Machache: koo, sikio, macho mekundu, njia ya mkojo, upele, chanjo. Hawapigi picha, hawashoni, na watoto wachanga mara nyingi hawawapokei. Anayekuona mara nyingi ni muuguzi mwenye mamlaka ya kuandika dawa.

Muda. Mfupi, unapanga kwa simu.

Bahasha. Moja, kipimo kikipelekwa maabara ya nje. Vinginevyo hakuna.

Ukikwama. Hakuna msamaha. Lakini umeshajua bei kabla hujaingia, na huo ni ulinzi wa aina yake. Na mfamasia wa pale kaunta anajibu swali bure.

Inamfaa mtu mzima anayejua anaumwa nini, kitu kimoja cha kawaida.

Makadirio ya maandishi

Tangu Januari 1, 2022, asiye na bima anayepanga miadi anastahili kupewa makadirio ya bei kwa maandishi, yaitwayo "good faith estimate". Miadi ikiwa siku tatu za kazi mbele au zaidi, lazima wakupe. Ukiomba bila kupanga, wana siku tatu za kazi kukujibu. Bili ya mtoa huduma ikizidi makadirio yake kwa dola 400 au zaidi, una siku 120 za kupinga serikalini, kwa ada ya dola 25. Hayakusaidii emajensi, kwa kuwa hukupanga kuumia. Yanasaidia sana kituoni, kwa daktari bingwa, na kwenye picha ulizoandikiwa ukafanye wiki ijayo. Itunze karatasi hiyo kama unavyotunza mkataba wa nyumba.

Kulingana na hali yako

Umejikata, damu imekoma ukikandamiza, ila jeraha liko wazi. Kushona hakungoji kesho kutwa. Kliniki ya haraka ikiwa wazi, nenda huko na uulize jumla. Ikiwa ni usiku wa manane, nenda emajensi, na ukiwa bado kwenye kiti omba fomu ya msaada.

Mtoto amemeza dawa au sabuni, lakini anapumua vizuri na yuko macho. Piga 1-800-222-1222, kituo cha sumu, bure, saa 24, na mkalimani yupo. Mara nyingi watakuelekeza la kufanya hapohapo nyumbani. Akilegea au akipumua kwa shida, 911.

Mkojo unaunguza au koo limevimba, huna homa kali, una dola mia na kitu. Duka la dawa. Ukiwa mjamzito au na maumivu ya mgongoni na homa, usiende huko. Tafuta daktari siku hiyohiyo.

Kipato chako ni kidogo na dalili zina wiki sasa. Kituo cha jamii, hata kama miadi ni Alhamisi. Mwambie anayepokea simu dalili zote, si jina la ugonjwa unaoudhania. Mara nyingi huwa na nafasi za siku hiyohiyo kwa anayeumwa.

Kipato chako kinazidi viwango vyote vya punguzo. Linganisha kliniki mbili tatu za haraka kwa simu, kisha uliza na kituo cha jamii bei yao kamili.

Umeshatibiwa, bahasha zimeanza. Zifungue. Andika tarehe ya ile ya kwanza, hesabu siku 240 mbele, uzungushie kalamu kwenye kalenda. Omba "itemized bill", ile inayotaja kila kitu kimoja kimoja, uone kama umetozwa usichofanyiwa. Usilipe kwa kadi ya mkopo kabla fomu haijajibiwa, kwa sababu deni likihamia benki hospitali haina tena cha kukufutia. Uliza pia kama unastahili Medicaid. Kwa sasa majimbo mengi yanaweza kulipia hadi miezi mitatu iliyotangulia maombi yako, muda ambao utapunguzwa kuanzia Januari 2027. Ile bahasha ya daktari ipigie simu peke yake, siku nyingine, ukiwa umeshakula na una kalamu mkononi. Uliza kwanza kama wana msamaha wao, kisha punguzo la kulipa taslimu, na mwisho kabisa mafungu ya kila mwezi.